Kungoja Si Kupuuza, na Kisu Si Kukosa Tawakali

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake (S.A.W.), twapenda kuwaeleza ndugu zetu jambo lililoletwa mbele ya darsa yetu.

Mmoja katika wenzetu aliumwa na kichwa muda mrefu. Alipopigwa picha ya ubongo, akaonekana ana uvimbe wa milimita 6 katika tezi ya pituitari. Daktari akamwambia kuwa si saratani, na kwamba kwa sasa bora ni kungoja na kuuangalia. Aliporudi kwake, jamaa wakagawanyika. Hawa wakasema: "Uza kiwanja, ukapasuliwe kesho." Wale wakasema: "Usirudi tena hospitali, vaa hirizi, unywe kombe, umwachie Mungu." Naye akatuuliza: tawakali ni ipi?

Jawabu yetu ni kuwa si hiyo wala si hiyo.

Tezi hii yapata ukubwa wa punje ya mbaazi. Iko chini ya ubongo, nyuma ya pua, na juu yake hupita mishipa ya macho. Nayo huziamrisha tezi nyingine za mwili. Uvimbe wake usiofika milimita 10 huhesabiwa mdogo. Ukiwa haumwagi homoni kupita kiasi, wala haugusi mishipa ya macho, mara nyingi hukaa miaka bila ya kudhuru. Kukimbilia kuupasua ni kutafuta hatari isiyo na haja, kwani kisu chaweza kuijeruhi tezi yenyewe, mtu akahitaji dawa umri wake wote.

Lakini mwenye kungoja ana wajibu: apimwe damu, na apigwe picha tena kwa miadi. Uvimbe ukiifinya mishipa ya macho hata asione pembeni, au ukimkuza mtu mzima mikono na miguu, hapo aghalabu upasuaji ndio dawa, nao hufanywa kwa njia ya pua. Uko pia uvimbe umwagao prolaktini, ambao mara nyingi hutibiwa kwa vidonge bila ya kisu. Ama anayeshikwa ghafla na kichwa kikali na macho kufifia, huyo hangoji miadi. Apelekwe hospitali saa ile ile.

Mtume wetu (S.A.W.) ametuamrisha kujitibu, na alimpelekea Ubayy bin Kaab tabibu akamkata mshipa. Basi nani aseme kuwa kisu ni upungufu wa imani? Na ni yeye aliyetufundisha kumfunga ngamia kwanza, kisha kutawakali. Mwenye kungoja bila ya kupimwa amemwacha ngamia wake wazi.

Dua ni sunna, wala hatuikatazi. Lakini hirizi haipimi damu, na kombe likishika mahali pa miadi limekuwa kisingizio. Qur'ani yatuamrisha kuwauliza wenye kujua. Basi mgonjwa na amuulize daktari wake: uvimbe huu wafinya nini? Wamwaga nini? Ukiachwa kutakuwaje, na ukipasuliwa kutakuwaje? Akishapata majibu, ashauriane na watu wake, aswali istikhara. Istikhara haiondoi haja ya kuuliza.

Ndugu yetu hakuuza kiwanja, na hirizi ameivua. Miadi yake ameishika. Na siku akiambiwa kuwa wakati wa kisu umefika, sisi wa darsa tumemuahidi kumchangia, wala hatamwona hata mmoja wetu akimtisha.

Mwenyezi Mungu amponye yeye na wagonjwa wetu wote. Amin.