Uwaziri: Fungu la Ukoo au Amana ya Umma?

Limekuwa ni swali la siku nyingi, na wenye kuliuliza ni watu wa akili: Je, yafaa, katika dini na katika akili, serikali ya nchi iliyogawanyika kwa koo igawe uwaziri kama yagawanywavyo mirathi, kila ukoo ukachukua fungu lake? Wako wasemao kuwa jambo hili ni taasubi ya kijahiliya, na kwamba Mwislamu haimpasi hata kulikaribia. Na wako wasemao kuwa pasipo kugawana hapana amani, na kwamba mwenye kudai serikali isiyotazama koo ataka tu kuwatawala wenzake kwa jina zuri. Sisi twaona kuwa kila upande una sehemu yake ya haki, na kwamba kosa limeingia kwa kuchanganywa mambo mawili yasiyokuwa mamoja. Tutayaeleza kwa mfano wa Somalia, nchi ya jirani zetu, ambayo watu wake wengi tumeishi nao katika mitaa yetu na tumeswali nao safu moja.

Kwanza tuitazame khabari yenyewe kama ilivyokuwa. Serikali ya Siad Barre ilianguka Januari 1991, na nchi ikaingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mwaka 2000 Wasomali walikutana Arta, katika nchi ya Jibuti, kuunda serikali ya mpito, na huko ndiko ilikoshikwa hesabu iitwayo "nne na nusu". Maana yake ni hii: koo nne kubwa, nazo ni Darod, Hawiye, Dir na Digil-Mirifle, kila mmoja una fungu moja kamili, na watu waliobaki wote, wakitiwa pamoja, wana nusu fungu. Mkutano mwingine ulianza Eldoret, hapa Kenya, Oktoba 2002, kisha ukahamishiwa Mbagathi, Nairobi, nao ukaishika hesabu ile ile. Bunge lililotoka huko mwaka 2004 lilikuwa na viti 275: viti 61 kwa kila ukoo mkubwa, na 31 kwa watu wa nusu.

Basi likaja jambo la kuunda baraza la mawaziri, na hapo ndipo ugumu ulipodhihiri. Abdullahi Yusuf alichaguliwa Rais Oktoba 2004, naye akamteua Ali Mohamed Gedi awe Waziri Mkuu. Mwezi wa Desemba wabunge wakapiga kura ya kutokuwa na imani naye, na miongoni mwa malalamiko yao ni kwamba vyeo havikugawanywa sawa baina ya koo. Akateuliwa tena, na Januari 2005 akaleta baraza jingine. Mwisho wa mwaka 2007 akaja Waziri Mkuu mwingine, Nur Hassan Hussein, naye akataka kuwaridhisha watu wote, akatangaza serikali yenye mawaziri na manaibu 73. Hazikupita siku nyingi ila baadhi yao walijiuzulu, wakisema kuwa ukoo wao haukushauriwa! Januari 2008 akaliunda upya baraza lake likawa la mawaziri 18.

Twamwomba msomaji aizingatie sana khabari hii. Vyeo 73 havikuleta ridhaa, kwa sababu njaa ya vyeo haishibishwi kwa kuongezwa vyeo. Kila mlango ukifunguliwa, husimama mbele yake watu wawili zaidi. Na ukoo ukigawiwa, ndani yake mna matumbo, na ndani ya matumbo mna nyumba, na ndani ya nyumba mna ndugu wawili. Mwenye kuanza kugawa kwa nasabu hana mahali pa kukomea.

Wala tusidhani kuwa huu ni mchezo wa wakubwa usiomhusu mtu mdogo. Julai 2011 Umoja wa Mataifa ulitangaza baa la njaa kusini mwa Somalia. Na mwaka uliofuata, wachunguzi wa Umoja huo waliripoti kuwa katika kila dola 10 zilizopokewa kwa ajili ya serikali ya mpito mwaka 2009 na 2010, dola 7 hazikufika katika hazina. Hatusemi kwamba hesabu ya koo peke yake ndiyo iliyoleta haya. Vita, ukame na mikono ya nje vyote vilikuwamo. Lakini twauliza: waziri aliyewekwa na ukoo wake, na ambaye ukoo wake utamtetea atende atakalo, ni nani atakayemhesabu? Akiulizwa mali imekwenda wapi, ukoo mzima utasema umetukanwa.

Sasa turudi kwenye asili ya swali. Je, kutazama koo ni haramu kwa dhati yake? Jawabu yetu ni hapana. Kurani yatufunza kuwa Mwenyezi Mungu ndiye aliyewafanya wanaadamu mataifa na makabila wapate kujuana, na kwamba ubora mbele yake ni kwa ucha Mungu. Mtume (S.A.W.) naye, alipopokea bai'a ya watu wa Madina pale Akaba, aliwataka watoe wasemaji kumi na wawili, nao wakatoa tisa katika Khazraj na watatu katika Aws. Wale walikuwa watu wa makabila mawili yaliyotoka vitani, damu zao hazijakauka. Hakuwaambia wajifanye kama kwamba hawana makabila. Basi mwenye kusema kuwa kila utaratibu wenye kutazama koo ni ujahiliya, amesema zaidi ya inavyosema dini.

Lakini tuangalie vizuri: wale kumi na wawili walikuwa ni nani? Walikuwa ni nakibu, yaani wasemaji wa watu wao na wadhamini wao. Hawakuwa maamiri wala makadhi. Ulipokuja wakati wa kumpa mtu kazi ya umma, kipimo kilikuwa kingine. Abu Dharr, sahaba mkubwa asiyeshukiwa ukweli wake, aliutaka uongozi, akajulishwa kwamba ule ni amana na kwamba yeye ni dhaifu kwa kazi hiyo. Na Usama bin Zayd, kijana, mtoto wa mtu aliyekuwa mtumwa akaachwa huru, alipewa jeshi lililokuwa na wakubwa wa Kikureshi ndani yake, na wako walionung'unika, wala manung'uniko yao hayakusikizwa.

Hapa ndipo panapotengana yale mambo mawili tuliyoyataja. Msemaji hutoka kwa watu wake akaenda mbele ya serikali. Waziri hutoka kwa serikali akaenda kwa watu wote. Bunge, au baraza la wazee, ni mahali pa wasemaji, na si vibaya, katika nchi iliyotoka vitani, kila ukoo uwe na sauti humo mpaka nyoyo zitulie. Ama wizara ya afya, au ya maji, au ya fedha, hiyo haina ukoo. Mgonjwa haulizi dawa ni ya Hawiye au ya Darod. Mwenye kulifanya baraza la mawaziri kuwa bunge la pili amepata mabunge mawili, na hana serikali hata moja.

Kila mtoto wa chuoni ajua kisa cha Jiwe Jeusi. Makureshi walipoijenga upya Al-Kaaba, kabla ya Utume, waligawana kazi ya kuta kwa koo zao, na hapakuwa na ubaya. Walipofika mahali pa kuliweka Jiwe wakagombana hata wakakaribia kuuana, kila ukoo wataka sharafu hiyo iwe yake. Muhammad (S.A.W.) akatandika nguo, akaliweka Jiwe juu yake, akawaambia kila ukoo ushike upande mmoja, wakaliinua pamoja, kisha akalitia mahali pake kwa mkono wake. Tazameni hekima hii. Hakuwaambia koo zenu si kitu. Kila mmoja alishika nguo. Lakini Jiwe lenyewe halikuvunjwa ili kila mtu aende na kipande chake. Kushirikiana katika kubeba ni jambo moja, na kukivunja kinachobebwa ni jambo jingine.

Na sisi wa Kenya tusijione kuwa tuko mbali na haya. Baada ya fitina ya uchaguzi wa Desemba 2007, iliyoua watu zaidi ya 1,000, wakubwa wetu walipatana mwaka 2008 kugawana serikali, likatoka baraza la mawaziri 40. Ili vyeo vitoshe, Wizara ya Afya ilikatwa mbili: moja ya matibabu, na nyingine ya afya ya umma. Mapatano yale yalizima moto, na anayezima moto hastahili kulaumiwa kwa kumwaga maji. Lakini raia walipotunga katiba ya mwaka 2010 waliweka mpaka, mawaziri wasipungue 14 wala wasizidi 22. Hiyo ni ishara kuwa walifahamu kwamba dawa ya siku ya homa si chakula cha kila siku.

Wako watakaotujibu hivi: "Mwasema waziri achaguliwe kwa ustahiki. Ni nani atakayepima ustahiki huo? Si ndiye yule mwenye nguvu, ambaye kila siku atawaona watu wa ukoo wake kuwa ndio wanaostahiki?" Hii ni hoja ya kweli, na hatuipuuzi. Watu waliodhulumiwa kwa miaka mingi chini ya serikali iliyodai kwa maneno kuwa imevunja ukabila, huku vyeo vikubwa vikikaa kwa jamaa za mtawala, wana haki ya kuogopa maneno mazuri. Ndiyo maana hatusemi kuwa hesabu ya koo ingetupwa siku moja mwaka 2004. Twasema kuwa ilikuwa ni dharura, na wanazuoni wametufunza kuwa dharura haipewi zaidi ya kiasi chake. Mwenye kuokoa roho yake kwa nyamafu hula kiasi cha kuishi, hafungui duka la nyamafu.

Na kiasi cha dharura hii twakiona kuwa ni mambo manne. La kwanza, idadi ya wizara ipangwe kwa kazi zilizoko, kabla ya kutajwa jina la mtu yeyote. La pili, ukoo ulete majina kadhaa ya watu wake waaminifu na wenye elimu ya kazi ile, na uchaguzi uwe wa Waziri Mkuu mbele ya bunge. Ukoo usilete mtu mmoja ukasema huyu au vita. La tatu, waziri akishaapa, ukoo wake hauna amri juu yake wala ngao ya kumkinga. Akikhini ahesabiwe yeye, na wasihesabiwe jamaa zake. La nne, utaratibu wenyewe uandikiwe siku ya kwisha, nayo siku hiyo iheshimiwe.

Hili la nne ndilo lililosahauliwa. Mpito wa Somalia ulikwisha Agosti 2012, lakini "nne na nusu" haikuondoka pamoja nao. Mabunge yaliyoundwa baada yake, hata lile la mwaka 2022, yaligawanywa kwa hesabu ile ile. Kilichoingia kama mgeni wa siku tatu kimekuwa mwenye nyumba.

Na hiyo "nusu" nayo yataka neno lake. Mirathi ina mafungu aliyoyapanga Mwenyezi Mungu mwenyewe, wala hakuna awezaye kuongeza au kupunguza. Lakini uwaziri hakuupanga kwa nasabu, na aliyemwita mwenzake nusu katika nchi yake amesema la nafsi yake. Ndani ya nusu hiyo wametiwa watu wa Barawa, ambao lugha yao ya Chimiini ni ndugu ya Kiswahili chetu; na Wabajuni wa visiwa vya Kismayu, ambao ni damu moja na watu wa Lamu; na wenyeji wa miji ya Banadiri; na wakulima wa mto Juba, na wengineo. Hawa hawakuwa na majeshi ya kuwalinda. Wengi walinyang'anywa mali, wakapanda majahazi wakaja Lamu na Mombasa. Yafahamike basi kuwa hesabu hii imekwenda kwa mizani ya nguvu, na nguvu hupimwa kwa bunduki. Asiyekuwa na bunduki akapewa nusu. Na hapo pana hatari kubwa kuliko dhuluma yenyewe, kwani kijana yeyote aitazamaye hesabu hiyo hujifunza kuwa njia ya kufikia fungu kamili ni silaha.

Mwisho, tusiisome khabari hii kama watu watazamao nyumba ya jirani ikiungua. Katika miji yetu hii ya pwani, ni kamati ngapi za misikiti, za vyuo na za maziko, ambamo mtu hupewa kazi ya fedha kwa kuwa mtaa wake "haujapata mtu"? Na akiharibu, nani kati yetu huthubutu kumwuliza, kwa kuogopa jamaa zake? Jambo ni lile lile, ijapokuwa kamati haina jeshi. Twawanasihi ndugu zetu katika kila chama: kila mtaa uwe na msemaji wake, asikizwe na aheshimiwe, lakini ufunguo wa sanduku apewe mwenye kuujua wajibu wake, na kila mwaka hesabu isomwe mbele ya watu, naye akiwa mtoto wa nani awe.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape ndugu zetu wa Somalia viongozi wenye kuogopa hesabu ya Kiyama kuliko hesabu ya koo, na atuokoe sote na taasubi iliyo dhahiri na iliyojificha. Amin.