Kimetupita, Kimempata Nani?

Swali tunalotaka kulitazama safari hii ni rahisi kulitamka, lakini si rahisi kulijibu. Kimbunga kikitoka baharini kikatuelekea, kisha kikageuka kikaenda kuwapiga wengine, je, ni haki yetu kumshukuru Mungu? Na kama ni haki, tumshukuru kwa maneno gani? Hatuulizi kwa kupenda mabishano. Twauliza kwa sababu sisi wa Mtwara jambo hili limekwisha kutufika, na kwa jinsi bahari inavyokwenda siku hizi, litatufika tena.

Wasomaji wengi watalikumbuka juma la Pasaka la mwaka 2019. Sikukuu yenyewe ilikuwa Jumapili tarehe 21 Aprili. Jumanne tarehe 23 dhoruba iliyokuwa ikijikusanya kaskazini ya Madagaska, nchi ambayo wazee waliiita Bukini, ilipewa jina la Kenneth. Maji ya bahari ya moto ndiyo chakula cha kimbunga, na hiki kilikuta chakula tele. Kufikia usiku wa Jumatano, jicho lake lilipokuwa likipita karibu sana na upande wa kaskazini wa Ngazija, ile dhoruba ya jana yake ilikuwa imekwisha kuwa kimbunga kikali chenye upepo wa kilometa zaidi ya 200 kwa saa. Visiwa havikukivunja nguvu. Kiliangusha nyumba na migomba ya watu, kikaua, kikaendelea na safari yake kuelekea magharibi, yaani kuelekea kwetu.

Wataalamu walikuwa wakikifuata kwa setilaiti saa kwa saa, na Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari kwa mikoa yetu ya kusini. Shule zikafungwa. Waliokaa mabondeni na ufukweni wakaambiwa wahamie palipoinuka. Watu wakasikiliza redio kama wakati wa vita. Kisha Alhamisi tarehe 25 habari ikaja kwamba kimbunga kimeingia nchi kavu Cabo Delgado, Msumbiji, kilometa 200 hivi kusini yetu. Mji wetu haukuguswa na ule upepo mkali. Neno likapita nyumba kwa nyumba: “Kimetupita!”

Ni neno zuri, na sote twalijua utamu wake. Lakini yafaa tuliangalie kama mwalimu anavyoangalia neno ubaoni. Kati ya kupita na kupata pana tofauti ya herufi moja tu. Kilichotupita sisi kimewapata wengine. Kiliwapata watu wa kisiwa cha Ibo, ambako nyumba nyingi zilibaki kuta bila paa, na nyingine hazikubaki hata kuta. Kiliwapata watu wa Macomia na Quissanga. Upepo wenyewe uliisha upesi, lakini mvua haikuisha. Tarehe 28, siku tatu baada ya kimbunga kuingia nchi kavu, mji wa Pemba wa huko Msumbiji ulikuwa katika mafuriko. Watu zaidi ya 40 walikufa Cabo Delgado. Wengi wa watu wa jimbo lile ni Wamakonde na Wamakua kama sisi, na wengine wana shangazi na wajomba ng’ambo hii ya Ruvuma.

Basi tuyatazame majibu yanayosemwa mara nyingi.

La kwanza ni hili: kimetupita kwa sababu tulisali. Ndugu zetu, tulipime neno hili kabla ya kulisema tena. Likiwa kweli, maana yake ni kwamba watu wa Ibo hawakusali, au walisali vibaya, au walikuwa na dhambi kutuzidi. Nani kati yetu atathubutu kuvuka mto akawaambie hivyo usoni? Bwana wetu alikwisha kulijibu jambo hili alipowataja wale watu 18 walioangukiwa na mnara Siloamu. Aliwauliza wasikilizaji wake kama wanadhani wale walikuwa wakosaji kuliko watu wote wa Yerusalemu, naye mwenyewe akakataa. Tena hata maumbile yanalikataa. Upande wetu wa dunia, kusini ya ikweta, kimbunga huzunguka kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa. Kikija kutoka mashariki, walio kaskazini ya jicho lake hupata upepo unaotoka bara kwenda baharini, nao ni dhaifu kidogo. Walio kusini yake hupata upepo unaotoka baharini, wenye nguvu zaidi, unaoyasukuma maji mpaka majumbani. Mtwara ilikuwa kaskazini ya jicho, tena mbali nalo. Hiyo haikuwa tuzo ya wema wetu. Ilikuwa ni mahali tulipokuwapo.

Jibu la pili ni la mzaha, lakini lina hatari: “Walitutisha bure.” Wako waliowacheka watu wa hali ya hewa kwa sababu kimbunga hakikufika. Lakini tahadhari si ahadi. Kilometa 200 kwa kitu kinachovuka bahari nzima ni hatua chache tu, na kimbunga kinachozidi nguvu kwa siku moja hakimpi mtu nafasi ya kungoja uhakika. Aliyehama akarudi na kuikuta nyumba yake nzima hakudanganywa. Alipoteza usingizi wa usiku mmoja. Wazee wa Lindi waliokiona kimbunga cha tarehe 15 Aprili 1952, kilichoua watu zaidi ya 30, wangefurahi sana kutishwa bure kwa namna hiyo. Tena anayesema “bure” amesahau kwamba kimbunga hakikukosa kupiga. Kilimkosa yeye.

Jibu la tatu halisemwi kwa mdomo, hutendwa. Ni kuona hasara ya jirani kuwa faida yetu. Hapa historia ya pwani yetu ina somo kubwa. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikaing’oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake. Kisiwa cha Pemba hakikuumia hivyo. Karafuu zikaadimika, bei ikapanda, na mashamba ya Pemba yakatajirika, hata katika miaka iliyofuata Pemba ikaipita Unguja kwa karafuu. Mtu akisoma habari hiyo harakaharaka atasema ni bahati ya Wapemba tu. Lakini tuulize ni nani aliyelima. Mikarafuu ile ilipandwa na kuchumwa na watumwa, na wengi wao walitolewa bara ya kusini, nchi za Nyasa na Ruvuma, wakapitishwa Kilwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mahali pake Kanisa letu likajenga kanisa kuu. Lakini utumwa wa mashambani uliendelea miaka mingi baadaye. Basi salama ya kisiwa kimoja iligeuka kuwa faida ya wachache, na gharama yake ikalipwa na watu ambao hawakuwa na shamba Unguja wala Pemba. Hivyo ndivyo inavyoweza kuwa salama isiyojiuliza lolote. Leo hatuuzi watu, lakini anayepandisha bei ya mabati na mahindi kwa kuwa kwa jirani kumeezuliwa anatembea katika njia ile ile.

Mtu atatuuliza: Je, basi ni dhambi kuomba kimbunga kisitufikie? Mama mwenye watoto wadogo pale Msimbati, aombe nini? Sivyo hata kidogo. Bwana mwenyewe, usiku wa Gethsemane, aliomba kikombe kimwepuke. Kuogopa si dhambi, na kuomba kuokoka si dhambi. Lakini tuangalie jambo moja ambalo hakuliomba. Hakuomba kikombe kile apewe Petro, wala Yohana, wala wale askari waliokuwa wakija na mienge. Hapo ndipo mpaka ulipo. “Utuepushe” ni sala. “Kiende kwa wengine” si sala, hata tukiisema kwa magoti. Na kwa kuwa kimbunga kilichokwisha kuwa kikubwa hakina budi kupita mahali fulani, anayeomba kuepushwa aombe pia kwamba kiishe nguvu baharini. Na kama hakikuisha, awe tayari kwa ajili ya yule atakayekipokea.

Sisi tuliokaa madarasani miaka mingi twamjua mtoto yule ambaye mwalimu anapita akikagua madaftari, safu kwa safu, na kabla hajalifikia dawati lake kengele inalia. Naye hakuiandika kazi yake. Wako watoto watokao hapo wakiwacheka wenzao walioadhibiwa. Wako wanaojiona kuwa wajanja. Na yuko mmoja mmoja anayekwenda kukaa na mwenzake anayelia, kwa sababu anajua kwamba kilichowatenganisha ni kengele tu. Huyo wa tatu hakufundishwa na mtu, lakini ameielewa shukrani kuliko wengi wetu.

Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Ni shauri jema, nasi tulishike: tuitunze mikoko ya mlango wa Ruvuma inayovunja mawimbi, tusijenge penye mkondo wa maji, tuzikaze paa zetu mapema. Mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikuja mpaka pwani ya nchi yetu karibu na Mafia. Mvua yake ikaikata barabara kule Kilwa, na wasafiri wa Lindi na Mtwara wakakwama njiani. Desemba ya mwaka huo huo Chido iliibomoa Mayotte, na siku iliyofuata ikaipiga Cabo Delgado kwa mara nyingine. Wataalamu wanatuambia kwamba kadiri bahari inavyozidi joto, vimbunga vya namna hii vitapata nguvu kwa haraka zaidi. Zamu haichagui. Lakini methali ile inatufundisha kutazama nywele zetu wenyewe tu. Mkristo hana budi kuuliza pia habari za yule anayenyolewa.

Basi jibu letu ni hili. Ni haki kushukuru, na asiyeshukuru ana moyo mgumu. Lakini salama tuliyopewa si tuzo, ni deni. Paa iliyobaki juu yetu, mahindi yasiyolowa ghalani, usiku tuliolala kwa amani, vyote hivyo tumeachiwa navyo, na aliyeachiwa huulizwa amevitumiaje. Kwa nini iwe Ibo na si Msimbati, hilo hatukupewa kulijua. Tumefanya nini na mahindi makavu, hilo tutaulizwa. Wazazi wetu walilielewa vema wakati wa vita vya ukombozi vya Msumbiji, walipowapokea waliovuka Ruvuma bila kitu mkononi, wakagawana nao muhogo na mashamba, na Frelimo ikawa na hospitali yake papa hapa Mtwara.

Kwa hiyo siku redio itakapotangaza tena kwamba kimbunga kimebadili njia na hakitufikii, tumshukuru Mungu kwa moyo wote. Kisha tusiizime redio. Tusikilize mpaka lisemwe jina la mahali kilipofika, maana jina hilo ni la kijiji cha watu, na mvua yao ndiyo kwanza inaanza. Jumapili ile jina hilo litajwe katika maombi ya waamini kanisani kwetu, na kapu liwekwe mlangoni kabla hatujaimba wimbo wa shukrani.