Je, Mwenye Imani Ahitaji Kaske?



Kuna wenye kusema: «Mtu wa maombi akishuka katika shimo la dhahabu, Mungu anamlinda. Kuvaa kaske ni kukosa imani.» Na ajali ikitokea wanasema: «Ni mapenzi ya Mungu.» Sisi wa Lwiro, ambao vijana wetu wanapita Bukavu kwenda kutumika Kamituga, tuyapime maneno haya.

Tarehe 11 Septemba 2020 mvua kubwa ilinyesha. Maji yakaingia katika mashimo ya Detroit, karibu na Kamituga, na watu wengi wakafa. Mvua yatoka kwa Mungu, hatukatai. Lakini kila mama mkulima wa Kabare anajua kwamba mwezi wa Septemba mvua inarudi. Hatumhukumu mtu kwa siku ile. Tunauliza kwa ajili ya walio hai: kushusha watu shimoni wakati wingu limekwisha kukusanyika, hayo nayo ni mapenzi ya Mungu?

Someni Kumbukumbu la Torati 22:8. Mwenye kujenga nyumba anaamriwa kuzungushia dari ukuta mdogo, mtu asianguke na damu ikawa juu ya nyumba yake. Angalieni vizuri: Musa hamwambii mwenye kupanda dari aombe asianguke. Anamwambia mwenye nyumba ajenge. Na Yesu mwenyewe alikataa kujitupa kutoka juu ya hekalu (Mathayo 4:5-7). Je, alikosa imani?

Patroni atajibu: «Kijana alikubali mwenyewe.» Ndugu, mwenye njaa anakubali kila kitu. Ndiyo yake haiondoi damu juu ya mwenye shimo. Hata sheria ya nchi, Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamtaka mwajiri alinde afya na usalama wa wafanyakazi wake.

Tena kuna kifo kinachokuja polepole. Wamama wanaotwanga mawe ya dhahabu wanavuta vumbi linalotia makovu mapafuni, na makovu hayo hayana dawa ya kuyaondoa. Zebaki ikichomwa, moshi wake unaharibu ubongo, na unamdhuru mtoto tumboni. Basi mawe yaloweshwe maji, na zebaki isichomwe kamwe jikoni wala karibu na watoto.

Hapa kwetu Lwiro, wataalamu wa kituo kilichojengwa na IRSAC, iliyoundwa mwaka 1947, wamepima matetemeko ya ardhi kwa miaka mingi. Hakuna aliyesema kwamba kupima ni kumkosea Mungu. Akili ni zawadi yake.

Papa Simon Kimbangu alijua kazi ya mshahara: kabla ya mwaka 1921 alitumika Kinshasa katika kampuni ya mafuta. Kanisa letu linafundisha Upendo, Amri na Kazi. Upendo unatangulia, kwani kazi bila upendo inakula watu.

Wewe patroni, jenga ukuta wa dari yako. Wewe kapita, ukiona hatari, simamisha kazi. Wewe kijana, omba, kisha vaa kaske. Nasi tunapobeba mawe ya kujenga hekalu, tuchungane vilevile.

Bwana awalinde wote wenye kutumika. Amina.