Upepo ni wa Nani?

Mpango wa biashara wa kampuni ya umeme wa upepo huanza na vipimo. Mlingoti husimikwa porini na kasi ya upepo hurekodiwa mwaka mzima au zaidi, kwa sababu kasi ikiongezeka maradufu nguvu huongezeka mara 8. Kisha huja mkopo, mkataba wa kuuza umeme na njia ya kuusafirisha. Swali la nani mwenye upepo haliulizwi humo. Upepo haushikiki wala hauzungushiwi ua. Kinachokodishwa ni ardhi iliyo chini yake, na dhuluma, ikiwapo, huingilia hapo.

Karibu na Loiyangalani, Marsabit, nchini Kenya, mitambo 365 ya mradi wa Ziwa Turkana ina uwezo wa kufua megawati 310. Ardhi yake ni takriban ekari 150,000, nchi ya wafugaji. Mwaka 2021 mahakama mjini Meru iliamua kwamba hati za ardhi hiyo zilipatikana kinyume cha sheria. Mvutano mahakamani uliendelea baadaye.

Uislamu hufundisha kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Upepo haumo katika orodha hiyo, lakini hoja inaufaa pia: kisichotengenezwa na mtu hakiwi mali yake kwa kuwahi kukifikia. Mwekezaji anastahili faida ya mtaji na jasho lake, naam. Ila mfugaji si jirani wa kuchimbiwa kisima kama sadaka. Ni mshirika, na fungu lake liandikwe kwenye hesabu za mapato kabla benki haijatia saini.