Kukwaa si kuanguka

Methali kamili husema: kukwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Tumezoea kuitumia kumpoza aliyeumia. Mtoto amefeli jaribio, mjomba anamgusa bega, anaitamka, kisha mazungumzo yanahamia kwingine. Naamini methali hii ina kazi nzito kuliko hiyo, na shule zetu zinaihitaji kuliko mabango ya kuwaambia watoto kwamba wanaweza.

Tazama inachodai. Haisemi kwamba jiwe halipo, wala kwamba kidole hakiumi. Inachokanusha ni hukumu ya haraka, ile inayomhesabu aliyekwaa kuwa ameshaanguka. Anayekwaa ni mtu aliye safarini. Aliyekaa kitako hakwai. Kosa kwenye daftari la mwanafunzi, basi, ni ushahidi kwamba amegusa jambo ambalo bado hajalimudu, na hilo ndilo lililompeleka shule. Halafu yaja sehemu ya pili, tunayoipita upesi mno. Kukwaa huwa kwenda mbele kwa yule anayegeuka kuliangalia jiwe. Asiyeliangalia ataligonga lilelile kesho. Mtazamo chanya, kwa kipimo cha methali hii, unaanzia kwenye kulikagua kosa; kujisifu mbele ya kioo hakutoshi.

Chukua Kisongo, magharibi ya jiji la Arusha, kando ya barabara iendayo Makuyuni. Wapo huko watoto wengi ambao lugha ya nyumbani ni Kimaasai. Kiswahili wanakizoea wakiwa shule ya msingi, na wakiingia kidato cha kwanza katika shule ya serikali, karibu masomo yote yanageuka kuwa ya Kiingereza. Mtoto anasoma biolojia kwa lugha yake ya tatu. Anainua mkono, anachanganya wakati uliopo na uliopita, darasa linaangua kicheko. Siku ya pili haunyanyui tena. Hapo ndipo kuanguka kunapotokea, na walioangusha ni waliocheka. Wahenga walisema pia kwamba heri kukwaa kidole kuliko kukwaa ulimi, wakituonya tusiropoke. Darasani onyo hilo limegeuzwa kuwa amri ya kunyamaza, na hakuna aliyewahi kujifunza lugha kwa kunyamaza. Kwa hiyo methali yetu inamhusu anayetazama kama inavyomhusu aliyekwaa. Inamwambia mwalimu, mzazi na mwanafunzi mwenzake: usimtangazie mwenzio anguko ambalo halijatokea.

Erasto Mpemba alilijua hilo vizuri. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari Magamba, Lushoto, aliweka kwenye jokofu mchanganyiko wa maziwa na sukari ukiwa bado wa moto, akaona umeganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Alipouliza sababu, mwalimu alimjibu kwamba amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, aliuliza tena, akaambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, na wanafunzi wenzake wakaligeuza neno hilo kuwa dhihaka kila alipokosea. Kisha Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam akaja kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akauliza kwa mara nyingine, wenzake wakacheka kwa mara nyingine. Osborne alikwenda kulijaribu jambo lenyewe, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala kuhusu maji ya moto kuganda mapema. Wakati huo Mpemba alikuwa amekwenda kusomea uhifadhi wa wanyamapori Mweka, pale Kilimanjaro. Wanasayansi bado wanabishana kuhusu jambo hilo, lakini duniani kote wanalibishania kwa jina lake. Kinachonigusa zaidi ni kwamba swali lilibaki hai kwa miaka kadhaa ndani ya kijana aliyekuwa akichekwa kwa ajili yake.

Sisi wazazi tuna swali letu pendwa ripoti inapofika nyumbani: umekuwa wa ngapi? Mwaka 2023, lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne, Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutaja shule na wanafunzi walioongoza. Nililiunga mkono, ingawa wengi walilalamika. Namba ya nafasi haimwonyeshi mtoto alikwaa wapi. Karatasi iliyosahihishwa inamwonyesha, lakini mara ngapi tumeona ikitazamwa alama tu, kisha ikasukumwa ndani ya begi? Afadhali mzazi aketi na mwanawe, aulize: swali lipi lilikushinda, na sasa unalielewa? Hata mzazi asiyejua kusoma anaweza kuuliza hivyo.

Lakini methali hii ina mpaka, na usipolindwa inageuka kuwa ukatili. Mtoto anayesinzia kwa sababu hajala tangu jana, au binti anayechelewa kila asubuhi kwa sababu alitangulia kuchota maji, hahitaji kuhubiriwa uvumilivu. Jiwe linalowakwaza watoto wengi mahali palepale ni la wazazi, kamati ya shule na serikali kuling'oa. Ndivyo ilivyo hata ubaoni: darasa zima likikosa swali lilelile la hesabu, mwalimu anaahirisha mada mpya na kufundisha ya jana upya, kwa njia nyingine.