Chumvi ya Uvinza

Michoro ya kitabu cha Stanley cha mwaka 1872 iliwaonyesha watu wa Ulaya njia ya misafara, toka Bagamoyo kupitia Tabora hata Ujiji. Tembe la Kwihara latunzwa hata leo kwa kuwa Livingstone alikaa humo.

Lakini mwaka 1967 wataalamu Sutton na Roberts walichimba penye chemchemi za chumvi za Uvinza, katika njia ile ile. Walikuta vigae vya vyungu, na mashimo yaliyokandikwa udongo ambamo maji ya chumvi yalichemshwa. Kazi hiyo ilianza yapata miaka 1,500 iliyopita, zamani sana kabla ya misafara ya pwani. Katika hao wa kwanza, hatuna hata jina moja. Seminarini mimi nami nalikariri majina ya wageni tu.

Bwana wetu aliwafananisha wafuasi wake na chumvi, kitu kiyeyukacho kisionekane tena. Basi Jumapili hii, mnapowaombea marehemu wenu, watajeni pia wachemsha chumvi wale, na wapagazi na watumwa walioachwa kando ya njia hiyo pasipo kaburi. Hawakubatizwa, najua, aliyewaumba anawajua kwa majina.