Mwali Akitoka Ndani



Vijana wenzangu, msimu wa unyago ndio huo. Huku kwetu Kusini, Mtwara na Lindi, mavuno yakishaingia na shule zikifungwa, ngoma zinaanza. Mwali anatolewa, amepakwa mafuta, amevishwa khanga mpya, na mashangazi wanamtunza hela. Kwenye jumuiya swali linarudi kila mwaka: Mkatoliki anaruhusiwa kumcheza binti yake, au hayo ni mambo ya giza?

Mimi huwa nafungua Marko 5. Binti Yairo ana miaka 12, umri ambao mabinti zetu wengi wanavunja ungo. Yesu anawatoa nje wote wanaopiga kelele. Anabaki na baba na mama wa mtoto na wanafunzi watatu tu. Anamshika mkono, anamwambia ainuke, kisha anaagiza apewe chakula.

Unyago wetu una mema ya namna hiyo. Kungwi anamkalisha mtoto, anamfunda usafi wa mwili, heshima kwa wakubwa na namna ya kujitunza akiwa kwenye siku zake. Hapo dhambi iko wapi? Tatizo ni kwamba siku hizi tunawabakiza wapiga kelele, tunamtoa mzazi. Muziki unakesha, pombe zinamwagika, matusi yanaimbwa mbele ya mtoto wa darasa la sita. Baba yeye kazi yake kuchangia mchele, basi. Na ngoma ikiisha, mtaa unamwita "mtu mzima", wenye posa wanaanza kupiga hodi. Jamani! Yesu alipomwinua yule binti, hakumkabidhi kwa mume. Alimwacha mikononi mwa wazazi wake, ale, akue.

Katika sura hiyohiyo yumo mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12. Ule ulikuwa ugonjwa, si hedhi ya kawaida, lakini aibu yake mabinti wengi wanaijua. Aliogopa hata kuonekana, akagusa vazi kwa siri. Yesu hakumkwepa kama najisi. Alimwita binti, mbele ya umati wote. Mdogo wangu, nawe mwili wako si uchafu. Usikubali yeyote akufundishe kuuchukia.

Kwa hiyo wazazi wangu, mchezeni binti, ila muwepo. Kungwi awe mama mnayemjua kwa maadili yake. Mtoto apelekwe Misa, mtoe shukrani. Baba aweke mkono kichwani mwake na kumbariki kwa maneno yake mwenyewe. Hata yakiwa mawili, atayakumbuka hadi uzeeni. Pilau iliwe. Na shule zikifunguliwa, mwali avae sare, abebe daftari zake, aende darasani.

Ee Yesu, uliyemshika mkono binti Yairo, washike na mabinti zetu. Uwape baba zao ujasiri wa kukaa karibu nao. Amina.